YAH: MALALAMIKO KUHUSU DIFU LA LAND CRUISER LILILOZAMA, NA NILIVYOTENDEWA KATIKA YADI YENU YA KIGOMA

Meneja Mkuu,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe ndiyo niliyonyimwa na watu wako Ijumaa iliyopita. Gari langu lilizama mwezi uliopita, mkalitengeneza; sasa difu lake la nyuma, yaani sanduku la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma, limeharibika. Fomu ya kazi mnayo, nakala ya risiti mnayo, na utaratibu wa gari lililoingia maji mmeuandika nyinyi wenyewe, kwa hiyo sitaurudia. Naanza na Ijumaa.

Nilifika saa nane mchana nikitoka kuswali, nikiwa na kanzu nyeupe. Gari lilikuwa limevutwa hadi hapo tangu asubuhi. Niliomba jambo moja tu: fundi afungue nati ya kumwagia oili ya difu la nyuma, nami nikiwa naona. Msimamizi wenu, kijana ambaye hata shikamoo hakunipa, akasema mafundi wana kazi nyingi. Nikaazima spana namba 24, nikaweka beseni, nikaingia chini ya gari mwenyewe. Kilichotangulia kutoka ni maji. Maji matupu, karibu glasi nzima. Kisha yakafuata mazito, rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake unga wa chuma unametameta. Kidogo kiliruka nje ya beseni. Msimamizi akaja, akaangalia sakafu, beseni hakuliangalia kabisa, akasema mbele ya wateja: "Mzee, futa uchafu wako." Akanitupia tambara.

Risiti yenu inasema: "Oili ya difu, mbele na nyuma, imebadilishwa." Nimeilipia.

Gari lilizama mwezi uliopita ng'ambo ya Ilagala, njia ya Sunuka, kwenye kijito kilichofurika. Maji yalifika kwenye viti, na lilikaa humo zaidi ya saa moja mpaka trekta likaja kulivuta. Dereva wangu alizima injini mapema na hakugusa ufunguo tena, na mkonga, lile bomba la kuvutia hewa kutoka juu, ulisaidia. Kwenye injini fundi wenu alifanya kazi ya haki: alitoa plagi kwanza, akaizungusha kwa stata kuhakikisha hakuna maji kwenye silinda, ndipo akawasha. Giaboksi na transifa, inayogawa nguvu kwa difu la mbele na la nyuma, nimezikuta zina oili mpya. Hayo siyakatai. Lakini difu! Difu limepata moto njiani, likitumbukia kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio, kitundu chake cha hewa, na sili, mipira inayozuia oili isivuje. Si lazima lipasuke, wala huwezi kujua kwa kulitazama nje. Ndiyo maana siku ya kulileta nilimtajia karani mara mbili, akaandika: difu zote mbili, na beringi za magurudumu zifunguliwe zipakwe grisi. Beringi nazo nimezikuta na kutu.

Wiki ya tatu difu likaanza kulia. Dereva akanipigia simu usiku kutoka kwenye mlima: beringi ya pinioni, gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, imesagika, gari haliendi, lina abiria kumi na moja na magunia ya dagaa. Mmoja wao alikuwa mama anayempeleka mtoto Hospitali ya Maweni. Nilihangaika kumtafutia bodaboda saa sita za usiku, kwa simu, kwa sababu ya oili ambayo mliandika mmebadilisha.

Narudi kwenye tambara lile kwa sababu halijanitoka. Nina miaka 61. Nilipiga magoti na kanzu yangu nikafuta sakafu yenu, nikafuta maji mliyopaswa kuyatoa nyinyi mwezi mzima nyuma. Mjukuu wangu wa miaka tisa alisimama pembeni ameshika kofia yangu, akiniangalia. "Futa uchafu wako." Uchafu wangu? Mafundi sita walikuwa pale. Aliyeinama kunisaidia ni mlinzi wa getini peke yake. Kanzu imefuliwa mara tatu na magotini bado inanuka ile harufu ya kiberiti ya oili ya difu.

Nilipokaa kuandika barua hii nilitaka mnirudishie Sh 1,480,000 yangu tu. Sasa haitoshi. Nataka difu la nyuma zima lingine kwa gharama yenu. Nataka la mbele lifunguliwe mbele ya fundi nitakayemleta mimi. Nataka fidia ya kila siku gari lilipolala bila kazi. Na kijana yule aniombe radhi kwa mdomo wake, palepale sakafuni, mafundi wale wale wakisikia, na mjukuu wangu akiwapo.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nawapa siku 7. Yaliyotoka kwenye difu nimeyahifadhi kwenye chupa ya lita moja na nusu, maji yamejitenga na oili, kila mwenye macho anayaona. Nimeifunga kwa gundi na kuandika tarehe, na mlinzi na dereva wangu walishuhudia. Siku hizo zikipita, chupa hiyo na risiti yenu vitafika Tume ya Ushindani, na kutoka hapo mahakamani. Na madereva wote wa njia ya Ilagala nitawaonyesha, mmoja mmoja.

Gari bado liko yadini kwenu, nati ya difu iko juu ya bampa la mbele nilipoiweka. Mtu yeyote asiliguse mpaka nifike.

Wako,
Mteja wenu, Ujiji.

Nakala: Meneja wa Tawi, Kigoma.