Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: waombewe, lakini vidonge wasitupe

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Salaam. Mimi ni muuguzi mstaafu, na miaka yangu ya mwisho kazini niliifanyia kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya wilaya. Nakuandikia kuhusu wagonjwa wanaotufikia hali imeshakuwa mbaya. Walikoanzia sote tunakujua: kwa mganga, kwa shehe wa kuwasomea, au kwenye kambi ya maombi.

Sipingi maombi, na mimi mwenyewe Jumapili hainipiti. Mama mwenye sonona akikaa kitako baada ya sala ya alfajiri, akavuta uradi polepole mpaka kifua kikamlegea, nani atamwambia aache? Hata huko Marekani, mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alichukua mazoezi ya Kibudha ya kutulia na kufuatilia pumzi, akayaingiza hospitalini Massachusetts bila dini yake. Baadaye yakazaa tiba ya wiki nane, ambayo tangu 2004 miongozo ya afya ya Uingereza inaipendekeza kwa watu ambao sonona imewarudia mara kadhaa. Ilipimwa, ikajulikana inamfaa nani. Kwa hiyo nikiona tangazo kwenye simu linalowaahidi wazazi kuwa mtoto wao mwenye usonji "atafunguka" kwa kuvuta pumzi, au kwa mafuta ya upako, nakasirika kwa kiasi kilekile. Usonji si pepo, na hauna dawa ya kuuondoa. Mtoto anahitaji mtu wa kumfundisha kuongea, kula na kucheza, siku baada ya siku.

Kinachoumiza ni ile kauli inayokuja baada ya maombi: "Umepona, tupa vidonge."

Kuna mama alimleta kijana wake akiwa amedondoka kifafa mfululizo tangu usiku, ulimi umeng'atika, hajitambui. Nilipouliza dawa, alifungua fundo la khanga akatoa bahasha ya fenobabito, dawa ya kifafa, imejaa vilevile kama alivyoichukua dirishani. "Mtumishi alisema nikiendelea kumpa nitakuwa sina imani." Kuacha fenobabito ghafla ndiko kulikomfikisha pale. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo, na fenobabito ni katika dawa za bei ya chini kabisa tulizonazo.

Mheshimiwa, wenzetu wa Afrika Magharibi wametangulia hapa. Nigeria na Ghana, waganga na wahudumu wa maombi walipofanya kazi pamoja na wahudumu wa afya, wagonjwa wa saikosisi, wale wanaosikia sauti au kuona yasiyokuwepo, walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi sita kuliko wale walioachwa kwenye utaratibu wa kawaida. Utafiti huo ulihusisha wagonjwa 307 na ulichapishwa 2020. Kabla yake, kwenye kambi ya maombi ya Mount Horeb nchini Ghana, baadhi ya wagonjwa waliongezewa dawa juu ya maombi, na hao wakapata nafuu zaidi. Ila siku za kukaa kwenye minyororo wanayofungwa kambini hazikupungua. Hilo nakuomba ulishike: vidonge peke yake havifungui mnyororo. Anayeshika ufunguo lazima abanwe.

Na hapa kwetu Tanzania nani wa kumbana? Mganga wa tiba asili yuko chini yako, kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, na lipo Baraza la kumwita ajieleze. Mwenye kambi ya maombi analaza wagonjwa, pengine kwa miezi, lakini jumuiya yake imesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwako hana faili. Afisa afya wa wilaya akifika getini huulizwa kaja kwa mamlaka gani, na mara nyingi hurudi.

Naomba mkae wizara mbili. Yeyote anayelaza mgonjwa kwa ajili ya maombi asajiliwe pia kwa mganga mkuu wa wilaya, asimfunge mtu, asimwachishe dawa, na muuguzi aruhusiwe kuingia kila mwezi. Sidhani watumishi wote watakataa. Wapo waliokuwa wakinipigia simu kimyakimya, "Sista, huyu kanishinda."

Lakini tusiwatupie wao lawama yote. Mgonjwa anayetoka kijijini kwa nauli ya kukopa, akafika dirishani akaambiwa "dawa hakuna, kanunue nje", mwezi huu na ujao, atakwenda anakopokelewa. Kambini atapewa mkeka, uji, na mtu wa kumwita kwa jina. Mwaka 2011 magari yalipopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500, wengi wao walikuwa wagonjwa wetu. Fenobabito na kabamazepini za kifafa, na halopelido ya saikosisi, zisikosekane kwenye kituo cha afya. Bila hivyo hata muuguzi nimwombeaye ruhusa ataingia kambini mikono mitupu.

Nakala ya barua hii naipeleka kwa Msajili wa Jumuiya, maana nusu ya jambo hili iko mezani kwake.

Wako mtiifu,
Muuguzi mstaafu, Tanga