Barua kwa Zainabu: siku ya matabibu wa jeshi

Malindi, Jumapili jioni

Shoga yangu Zainabu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila joto la kaskazi latumaliza. Umeniuliza uwaombe nini wale matabibu wa jeshi watakaokuja kwa boti kuzungumza na watoto wa Gredi ya 9. Kwanza waambie wasije na hotuba. Pili, daktari mmoja atosha. Wengine wawe muuguzi, mtu wa maabara na fundi wa mitambo ya hospitali. Daktari watoto wamjua tayari, lakini anayefungua mashine ya oksijeni na kuitengeneza hawajamsikia, na mtoto anayependa kubomoa redio za watu atamfaa huyo.

Watoto 40 wagawe kumikumi, meza nne, dakika 20 kila meza, mmalize kabla ya adhuhuri. Wote wakizunguka meza moja, watakaojifunza ni wale watano wa mbele.

Meza ya kushtua moyo uliosimama kwa kubonyeza kifua ndiyo waipendayo, na ndiyo hukosewa zaidi. Sanamu ya mtu ya kujifunzia ilazwe chini mkekani, si mezani, maana mtoto aliyesimama hawezi kuweka uzito wake juu ya kifua. Apige magoti, kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua, viwiko vimenyooka. Kifua kishuke sentimita 5, kisipite 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mmoja agonge debe, mapigo kumi kwa kila sekunde tano au sita, wenzake wafuate. Tazama mambo mawili. Akikunja viwiko atachoka upesi. Akiegemea kifua bila kukiachia kirudi juu kabisa, moyo haupati nafasi ya kujaa damu, na mbonyezo unaofuata hausukumi kitu. Wapokezane kila dakika mbili.

Meza ya presha yataka utulivu. Anayepimwa akae dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo, na asizungumze. Waombe walete mikanda ya saizi mbili. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo kweli, mpana kwenye mkono mwembamba huishusha. Na tafadhali, mwalimu mkuu asipimwe mbele ya watoto. Namba ikitoka mbaya, mji mzima utajua kabla ya magharibi.

Kwenye hadubini, mtu wa maabara aje na slaidi za malaria zilizokwisha tiwa rangi. Damu ya mtoto yeyote isitolewe, hata tone, na hilo uliandike kwenye barua ya wazazi. Vimelea huonekana kwa lenzi ya 100 yenye tone la mafuta. Mtoto akiizungusha lenzi ya 40 ikapita kwenye mafuta hayo, picha yote itakuwa ukungu, na akikaza gurudumu kubwa slaidi itavunjika. Basi yeye azungushe gurudumu dogo tu. Mtu wa maabara muulizeni aeleze kwa nini hathubutu kuandika "hana malaria" kabla ya kupitia angalau nyanja 100 za slaidi, yaani sehemu 100 zionekanazo moja moja kwenye lenzi. Hapo ndipo watoto wataona kwamba kazi hii ni ya subira. Hadubini ikae mbali na dirisha la bahari, na jioni irudi sandukuni ikiwa kavu, chumvi na unyevu wa huko huotesha kuvu kwenye lenzi.

Meza ya nne iwe ya mifupa iliyovunjika. Mabanzi wayatengeneze kwa vijiti vya makuti na leso. Banzi lifunge kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika, na chini yake pawe na kitambaa laini. Kabla ya kufunga na baada yake, bonyeza ukucha kisha uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa baada ya kufunga, kamba imekaza, ifunguliwe. Watoto wa wavuvi watauliza habari ya samaki taa na mwiba wake, nawe uwe tayari: jeraha litiwe kwenye maji ya moto ya kuvumilika, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, kwani sumu ya taa huharibiwa na joto. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usiung'oe. Huyo apelekwe hospitali vilevile alivyo.

Watoto wengi huja kutazama bunduki, si muuguzi. Omba silaha zisiingie darasani, na awepo muuguzi mwanamke wa kuwashika mikono wasichana kwenye sanamu, la sivyo watasimama nyuma na mabuibui yao. Kila mgeni aseme masomo aliyosoma. Hawa sasa wanachagua njia ya sekondari ya juu, na aliyeacha baiolojia na kemia hapo, kozi nyingi za afya hataziingia.

Angalia kupwa na kujaa kabla ya kukubali saa. Sanamu na hadubini zishushwe boti ikiwa imefika gatini, si kubebwa vichwani matopeni.

Nisalimie mamako na wanao.

Wako,
Rukia