Kaka anasema nimemchoka mama

Shikamoo Shangazi,

Ni saa kumi alfajiri, niko wodini, nimetoka kumgeuza mama ubavu wa kulia. Kila baada ya saa mbili namgeuza, sisubiri manesi. Miezi saba tangu apigwe na kiharusi na mgongo wake hauna hata kidonda kimoja. Nakueleza hilo kwanza kwa sababu kaka yangu amesema nimemchoka mama. Kanitamkia kwenye simu, wenzetu wakisikia.

Ni kwa ajili ya ile karatasi niliyosaini Jumatano, kwamba moyo wake ukisimama wasimkandamize kifua wala wasimwekee mashine ya kupumulia. Hii ni nimonia ya tatu. Kumeza hawezi tena, hata mate yanampalia na kuingia kwenye mapafu. Tuliambiwa mbavu za mtu aliyedhoofika hivi huvunjika wakati wa kukandamizwa. Lakini dawa za nimonia anapewa, na mofini kidogo ya kumtulizia kuhema. Sijamnyima mama kitu! Kaka hata hakuuliza hayo.

Wewe unajua mama hakuwahi kutembea, polio ilimpata angali mdogo. Ametulea sote akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na kutuchapa alituchapa kutoka humo humo. Kwetu hakuwa mgonjwa. Sasa daktari aliposema "kwa hali yake ilivyo", macho yake yalikwenda kwenye kile kiti pale ukutani. Kwenye kiti, Shangazi, wakati kinachomuua ni kifua. Niliona, nikanyamaza, nikachukua kalamu. Je, angekuwa na miguu mizima ningesaini upesi vile?

Lakini mama mwenyewe, jirani yetu alipokuwa kwenye mashine, alisema, "Mimi msije mkanifanyia hivyo." Kaka hakuwepo, ndiyo maana hajui. Ni kweli pia kwamba mwezi uleule alisema lazima amwone mjukuu wake akimaliza shule.

Jana usiku nilimuuliza. Mkono wa kushoto bado una nguvu kidogo. Nikamwambia abane kidole changu kama hataki mashine, akabana. Nikamwambia abane kama anaitaka, akabana vilevile.

Nimechoka, ndiyo, sikatai. Ila kuchoka ni kitu kimoja na kumchoka mama ni kingine, na mtu anayepiga simu Jumapili kwa Jumapili hawezi kunifundisha tofauti yake.

Nesi ameniambia karatasi hiyo inaweza kufutwa wakati wowote. Nataka umwandikie kaka kwamba nilifanya sawa. Na asubuhi hii nataka niende nikaifute. Anafika kesho kutwa. Akinirudia kwamba nimemchoka mama, mbele yake pale kitandani, naye anasikia kila kitu, nimjibu nini?