Tableti imeng'ang'ania "Mode sans échec"? Chunguza kitufe cha sauti kabla ya kufuta kila kitu

Kila kiangazi hapa Lubumbashi, meza yetu ya matengenezo hupokea tableti zenye lalamiko moja. Mteja ameiwasha asubuhi, WhatsApp haipo, programu ya kutuma pesa haipo, michezo ya watoto haipo, na kwenye kona ya chini ya kioo kuna maneno madogo ya Kifaransa: "Mode sans échec", yaani hali salama. Anaizima, anaiwasha, maneno yanarudi. Wengi hufika wameshaiuliza akili bandia kwa simu ya jirani, na majibu mengi huishia mahali pamoja: irudishe tableti ilivyotoka kiwandani. Wengine wameshatii. Picha za harusi, namba za wateja, maswali ya mtihani ya mwalimu, vyote vimefutika, na "Mode sans échec" bado iko pale pale kwenye kona.

Tunamwandikia yule ambaye bado hajafuta.

Kwanza, tulia: vitu vyako havijapotea. Android ikiwaka katika hali salama, inaziacha kando programu zote ulizoongeza mwenyewe na kuwasha zile tu zilizokuja na tableti. Zako ziko ndani bado. Ukiingia kwenye mipangilio utaziona katika orodha, zimezuiwa tu kufanya kazi. Picha zako zipo, nyaraka zipo. Vile vidude vya kwenye kioo cha mwanzo, kama saa kubwa au kalenda, huenda ukalazimika kuvipanga upya baadaye, lakini hiyo ni kazi ndogo. Jambo jingine linalowashtua watu ni mtandao. Matoleo mapya ya Android yakiingia hali salama huwasha pia hali ya ndege. Mtu anaona mtandao umekatika, anadhani laini yake imeungua, anakwenda kununua nyingine bure. Vuta pazia kutoka juu ya kioo, uguse alama ya ndege, mtandao utarudi.

Hali hii iliwekwa kwa faida yako. Tableti ikichemka bila sababu, ikimaliza chaji haraka au ikirusha matangazo kila dakika, fundi huiwasha kwa makusudi katika hali salama. Ikitulia, tunajua kosa ni la programu fulani iliyoongezwa, na tunaanza kuondoa zile za karibuni. Kwa hiyo hali salama ni chombo cha uchunguzi. Shida ni pale inapojileta yenyewe na kukataa kuondoka.

Hapa ndipo tunaomba usome polepole, kwa sababu ukielewa jambo hili utaokoa data zako.

Kuna njia mbili za kawaida za kuingia hali salama. Ya kwanza ni kushikilia kidole juu ya neno la kuzima kwenye kioo mpaka tableti iulize kama unataka kuiwasha upya katika hali salama. Mtoto anaweza kufanya hivyo akicheza, bila kujua. Ukikubali, Android huweka alama ndani yake, huwaka katika hali salama, kisha alama hiyo huifuta yenyewe. Maana yake, ukiizima na kuiwasha mara moja tu, inatoka. Njia ya pili ni kitufe cha kupunguza sauti. Wakati wa kuwaka, Android huangalia kama kitufe hicho kimebonyezwa. Ikikikuta kimebonyezwa, inaingia hali salama. Haina namna ya kujua kama ni kidole chako au ni uchafu uliokibana.

Sasa pima mwenyewe. Kama umeiwasha upya na hali salama imerudi, ukarudia na imerudi tena, ile njia ya kwanza haiwezi kuwa sababu, kwa maana alama yake ilishafutwa. Tunabaki na kitufe. Ndiyo maana kufuta data hakusaidii: unafuta kumbukumbu wakati kilichokwama ni kipande cha plastiki ubavuni.

Na kwa nini kiangazi? Kuanzia mwezi wa tano mvua zimekoma, na vumbi jekundu la barabara zisizo na lami za Ruashi, Katuba na Annexe linaingia kila mahali mpaka mvua zirudi. Linachanganyika na mafuta ya mikono, linagandamana kwenye ufa mwembamba unaozunguka kitufe, na siku moja kitufe kinabonyea na hakirudi juu. Kava nalo huchangia. Yale makava mazito ya mpira wanayonunuliwa watoto yana vifuniko vya vitufe. Yakijikunja kidogo au yakiwa si ya saizi yake, yanakandamiza kitufe mchana na usiku. Tumeshuhudia tableti iliyopona kwa kuvuliwa kava peke yake.

Kukijua kitufe kilichokwama hakuhitaji kifaa chochote. Vua kava. Iwashe tableti, hata kama iko katika hali salama, kisha ongeza sauti. Utaona mstari wa sauti ukitokea kwenye kioo. Toa kidole na uangalie mstari huo. Kama unashuka wenyewe, polepole, mpaka sifuri, bila mtu kugusa, umeshapata jibu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alipotuletea tableti yake alikuwa karibu kulia. "Kaka, bintu yangu yote imepotea," alituambia. Tulimwomba aongeze sauti yeye mwenyewe. Mstari ukapanda hadi kati, ukasimama kidogo, ukaanza kuteremka mbele ya macho yake. Hakuhitaji maelezo mengine.

Mstari usiposhuka, bado usikiondolee kitufe lawama. Pitisha ukucha juu ya vitufe vyote viwili na ulinganishe. Kilicho kizima kinabonyea na kurudi, na unasikia mlio mdogo. Kilichochoka kimelala chini kuliko mwenzake, au kinabonyea bila mlio, kama kimejaa unga.

Kusafisha unaweza kujaribu nyumbani. Izime kwanza. Chukua mswaki mkavu wenye nywele laini, usugue pembeni mwa kitufe huku ukikibonyeza mara nyingi ili uchafu ulegee. Ukiwa na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, lowesha kidogo kijiti cha pamba, upitishe kwenye ufa, uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Usitumie maji, wala petroli, wala manukato. Usipulize kwa mdomo, maana unaingiza unyevu. Na tafadhali sana, weka sindano mbali: inatoboa mpira wa ndani, na mara nyingine inaingizwa kwenye tundu la maikrofoni kwa kudhani ni uchafu.

Kitufe kikilegea, iwashe. Ikiwaka vizuri, jua kwamba hali salama huamuliwa wakati wa kuwaka tu. Tableti ambayo kitufe chake hukwama mara moja moja inaweza kufanya kazi wiki nzima bila shida, halafu umeme ukatike siku nzima, betri iishe, na ukiiwasha tena ikurudishie "Mode sans échec". Basi ichaji mapema, na kabla ya kuiwasha upya hakikisha kwa ukucha kwamba kitufe kiko juu.

Tuje kwenye akili bandia. Hatuwakatazi wateja kuitumia. Sisi wenyewe tunaitumia, hasa kwa modeli ambazo hatuzioni kila siku, na inafurahisha kuona mama wa sokoni akiuliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Lakini jibu linategemea ulichouliza. Kuiandikia "tableti yangu imekwama, nifanye nini" ni kama kumwambia dereva wa taksi "nipeleke nyumbani" bila kutaja komini, yaani sehemu ya mji. Itakupa majibu ya tableti zote za dunia, na mengi kati yake yanaishia kwenye kufuta.

Iandikie hivi: "Nina tableti ya Samsung, modeli SM-T295, Android 11. Kila nikiiwasha inarudi Mode sans échec, hata nikiizima na kuiwasha tena. Kioo changu kiko kwa Kifaransa, nitajie menyu kwa majina ya Kifaransa. Anza na hatua zisizofuta kitu, na kwenye kila hatua niambie kama inafuta data." Badilisha modeli na toleo uweke vya kwako, utavikuta kwenye "Paramètres", chini kabisa, "À propos de la tablette". Kisha ongeza swali la pili: "Nitajuaje kama kitufe cha kupunguza sauti kimekwama?" Swali hilo la pili hubadilisha mazungumzo yote, maana sasa akili bandia inakuelekeza kwenye kitu ambacho yenyewe haiwezi kukigusa.

Kuna sehemu ambazo tumeona inapotosha. Mara nyingi inashauri kuizima tableti kwa nguvu kwa kushikilia pamoja kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti. Kwenye tableti nyingi za Samsung ushauri huo ni sahihi, ila kuna sharti ambalo majibu huliruka: nembo ikitokea, achia vitufe vyote viwili mara moja. Ukiendelea kushikilia kile cha sauti, umeiingiza tableti hali salama kwa mkono wako mwenyewe. Vilevile tableti za bei nafuu zisizo na jina maarufu, ambazo ni nyingi hapa mjini, huwa na menyu na vitufe tofauti, na akili bandia ikikosa taarifa zake huziazima za Samsung na kuzitaja kwa uhakika mkubwa. Ikikupa jina la menyu usiloliona kwenye kioo chako, iambie hivyo. Usibahatishe kwa kugusa linalofanana.

Unaweza pia kuipelekea akili bandia picha ya kioo, na hilo husaidia. Angalia tu picha isionyeshe salio, namba ya akaunti wala ujumbe wenye namba ya siri. Hakuna hatua yoyote ya kutoka hali salama inayohitaji namba ya siri ya pesa zako. Na ikikuelekeza kupakua mfumo mzima wa Android kutoka tovuti usiyoijua ili uupandishe upya, simama hapo. Mfumo usio wa modeli yako unaweza kuifanya tableti isiwake tena kabisa.

Kuhusu kufuta kila kitu, tuseme wazi inachogharimu. Ukishikilia kitufe cha kuwasha na cha kuongeza sauti wakati tableti imezimwa, modeli nyingi hufungua menyu nyeusi yenye mistari ya Kiingereza. Mstari wa "wipe data/factory reset" hufuta picha, nyaraka na programu. Hufuta pia nakala ya mazungumzo ya WhatsApp iliyohifadhiwa ndani ya tableti yenyewe, na kama hukuwa umeweka nyingine kwenye akaunti ya Google, hatuna uwezo wa kukurudishia. Kisha kuna kufuli. Tangu Android 5.1, iliyotoka mwaka 2015, tableti iliyofutwa kwa njia hii huomba akaunti ya Google iliyokuwemo kabla. Uliyeinunua mkononi mwa mtu, na akaunti ya mwenyewe wa kwanza bado imo, utabaki na kioo kinachokuuliza barua pepe ya mtu usiyemfahamu. Sisi hatuvunji kufuli hizo. Mara nyingi hatuna namna ya kujua kama kifaa kiliibwa.

Kama baada ya yote bado unaona ni lazima kufuta, hamisha kwanza vitu vyako. Hata ikiwa katika hali salama, tableti inaweza kuunganishwa na kompyuta kwa waya na picha zikahamishwa. Ukikosa kompyuta, njoo na flashi, tutakunakilia hapa kabla ya kugusa kitu kingine.

Dukani kwetu kazi yenyewe inakwenda hivi. Tunaivua kava na kufanya jaribio la sauti mbele yako. Hilo halina malipo. Ikiwa ni uchafu wa juu, tunasafisha ukiwa umekaa. Ikiwa kitufe kimechoka ndani, itabidi kuifungua, na hapo tunakupa bei kabla ya kuanza. Vioo vya tableti nyingi vimegundishwa, vinahitaji kupashwa joto polepole ili visipasuke, kwa hiyo usitutegemee kuimaliza kwa nusu saa. Kwenye modeli nyingi vitufe vimekaa juu ya nape yake, yaani utepe mwembamba wa nyaya, na nape hubadilishwa bila kugusa sehemu nyingine. Kwenye chache vimechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kubwa; hiyo ni kazi ya chuma cha kuchomea, na huchukua muda zaidi. Tukimaliza, wewe ndiye utakayeizima na kuiwasha kwa mkono wako, zaidi ya mara moja, kabla ya kulipa.

Ukija, lete tableti na kava lake, hata kama umeshalivua, maana tunataka kuona linabana wapi. Na kama uliiuliza akili bandia, usifute mazungumzo hayo. Tutayasoma pamoja tujue ni hatua zipi umeshajaribu, ili tusikurudishe mwanzo.