Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kilwa na Wareno

Wazee wetu, ndugu wanachama, assalaam aleikum na karibuni kwenye mkutano mkuu.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Ada zinaingia kwa kusuasua, ila chama hakidaiwi na mtu. Wenye malimbikizo nawaomba wayamalize kabla ya Ramadhani. Mimi nitazungumzia kazi iliyotushughulisha mwaka huu, ya kuandika upya habari za Wareno hapa Kilwa kwa ajili ya wanafunzi na wageni wanaovuka kwenda Kisiwani.

Tuliianza baada ya wanafunzi tuliowapokea kutuuliza, mmoja baada ya mwingine, Wareno waliyajenga lini majumba yale ya magofu ya Kisiwani. Lilituuma, kwa kuwa si Wareno walioyajenga. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ni la mwanzoni mwa karne ya 14, na Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipotia nanga mwaka 1331 aliukuta mji akausifu. Wareno walikaa na ngome yao hapa kuanzia 1505 hadi 1512, basi.

Kisa chenyewe kinaanza kabla ya ngome. Mwaka 1502 Vasco da Gama, nahodha wa Kireno, alirudi pwani yetu na manowari, akamtishia Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kwamba asipotoa kodi kwa mfalme wa Ureno mji utapigwa mizinga. Ibrahim akakubali mithkali 1,500 za dhahabu kwa mwaka, yaani zaidi ya kilo 6. Dhahabu hiyo ilichimbwa bara, katika nyanda za Zimbabwe ya leo, ikashuka hadi Sofala, bandari katika Msumbiji ya leo, na biashara ya Sofala ilikuwa mikononi mwa Kilwa kwa muda mrefu. Mfalme Manuel akaagiza kitengenezwe chombo cha kanisa cha kuwekea ekaristi, mkate mtakatifu wa Wakristo. Kilikamilika 1506, kina urefu wa sentimita 73, na kimeandikwa chenyewe kwamba kimetokana na dhahabu ya kodi ya Kilwa. Kipo Lisbon hadi leo, katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale. Picha yake naitaka ibandikwe katika kila darasa la historia wilayani.

Julai 1505 akaja Francisco de Almeida, kamanda wa msafara wa Wareno. Ibrahim akakimbia, askari wakashuka, mapadri wakafuata na misalaba wakiimba, kisha mji ukaporwa. Mjerumani mmoja aliyekuwa melini, Hans Mayr, aliandika alichokiona: nyumba za mawe za ghorofa, bustani za machungwa, malimau na vitunguu. Maelezo yake ni hazina kwetu, na inaumiza kwamba yameandikwa siku za uporaji. Wareno wakamtawaza Muhammad Ankoni mahali pa Ibrahim, naye akauawa mwaka uliofuata.

Wanachama kadhaa wamesisitiza kwamba mizinga ndiyo iliyoiua Kilwa. Mimi naona pigo kubwa lilikuwa Sofala, ambako Wareno walijenga ngome mwaka huohuo wa 1505. Dhahabu ilipokatwa, wafanyabiashara wakatawanyika, na Wareno wenyewe wakaiacha ngome kwa kuwa haikuwa tena na faida ya kulindwa. Tusisahau pia kwamba miji ya pwani haikusimama pamoja: Malindi ilimkaribisha da Gama tangu 1498 kwa sababu ya uhasama wake na Mombasa. Hilo nalo tumeliandika, ingawa wengine walipendelea liachwe.

Kuhusu ngome ya ufukweni iitwayo Gereza, tafadhali tuache kulitaja kama jengo la Wareno tupu. Sehemu kubwa ya tunachokiona ni ujenzi wa baadaye, wa enzi za Waomani.

UNESCO iliitambua Kilwa Kisiwani pamoja na kisiwa jirani cha Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaingiza magofu katika orodha ya hatarini 2004 na kuyaondoa 2014. Bahari bado inakula ukingo wa kisiwa, na mikoko inayokatwa haisaidii.

Kwa mwaka ujao naleta maombi mawili mbele yenu. Kwanza, mpitishe rasimu ya kijitabu ili ikasomwe na walimu kabla ya kuchapwa. Pili, tuunde kamati ndogo ya kuzungumza na wazee wa Kisiwani na kurekodi wanayoyajua. Wanaojitolea wampe katibu majina yao kabla hatujaingia kwenye uchaguzi.