Mjomba, kabla hujamaliza Paris, panda Vézelay

Mjomba, shikamoo.

Nimesikia mwezi Juni unakuja Ufaransa na kwamba ratiba yote ni Paris. Naomba nipewe siku mbili. Wewe ndiye uliyetufundisha jiografia kwa kutudai, kabla ya jambo lingine lolote, tueleze kwa nini mji upo pale ulipo. Basi usirudi nyumbani bila kuiona Vézelay. Ni mji wa watu mia nne na ushei, juu ya kilima katika eneo la Bourgogne, kama kilomita 220 kusini-mashariki mwa Paris, na sijaona mji unaolijibu swali lako vizuri kuliko huo.

Kwanza, haukuanzia juu. Katikati ya karne ya 9, kabaila Girart de Roussillon na mkewe Berthe walianzisha nyumba ya watawa bondeni, kando ya mto Cure, mahali ambapo leo ni kijiji cha Saint-Père. Maji yalikuwepo, mashamba yalikuwepo, njia ilikuwepo. Kisha Wanormani, wavamizi wa kutoka kaskazini, wakaja wakipandisha mito na kupora, nyumba ile ikaharibiwa, na watawa wakahamia kilimani. Kilima kiliwapa usalama kikawanyima maji, maana huko juu mto haupo. Mvua ilibidi ikingwe na kuhifadhiwa kwenye matangi ya mawe. Kwa hesabu zako za darasani, mahali kama hapo pangebaki kijiji.

Kilichopakuza ni habari iliyoenea. Karne ya 11 abasia, yaani ile nyumba ya watawa, ilitangaza kwamba inayo masalia (mabaki ya mwili) ya Maria Magdalena, na mahujaji wakaanza kumiminika. Moja ya njia kuu za kwenda Santiago de Compostela, Hispania, ikaanzia hapo. Mwaka 1096 kanisa jipya likaanza kujengwa, na mzigo wa kodi ukawaangukia wakazi. Mwaka 1106 wakazi hao wakamuua abate, mkuu wa abasia, aliyeitwa Artaud. Mwaka 1120, mkesha wa sikukuu ya Magdalena, kanisa liliungua likiwa limejaa mahujaji, na waandishi wa zama zile walitaja vifo zaidi ya 1,000. Mwaka 1152 watu wa mji wakaasi tena, wakajiundia utawala wao wenyewe, hadi mfalme Louis VII alipouvunja mwaka 1155.

Utaambiwa zaidi habari za wakubwa: kwamba mtawa Bernard wa Clairvaux alihubiri Vita vya Pili vya Msalaba hapo Pasaka ya mwaka 1146, akisimama nje mteremkoni, kwamba wafalme Richard wa Uingereza na Philippe Auguste wa Ufaransa walikutana hapo mwaka 1190 kuanza safari ya vita vya tatu. Ni kweli yote. Lakini mimi nikiupanda ule mtaa mmoja mrefu unaokwenda hadi kanisani, nawafikiria waliopandisha mawe na kulipa kodi, maana mji ni wao.

Sasa ukifika, usikimbilie ndani. Simama ukumbini, mbele ya mlango wa kati, uangalie juu. Kristo amechongwa akiwa amenyoosha mikono, na miale inashuka kutoka vidoleni mwake hadi kwa mitume. Wanaowazunguka mitume hao ni watu wa mataifa ya dunia, jinsi wachongaji wa miaka ya 1130 hivi walivyowawazia: wenye vichwa vya mbwa, wenye masikio makubwa ya kujifunika, wafupi wanaomparamia farasi kwa ngazi. Walichonga watu ambao hawakuwahi kuwaona. Mimi Mwafrika nimesimama pale nikaumia, kisha nikaangalia tena: wote hao wamewekwa ndani ya picha ileile, wakielekea katikati, wanaletewa ujumbe uleule. Mambo yote mawili yapo kwenye jiwe moja, na ningependa sana kusikia wewe utasemaje.

Anguko lake nalo lilitokana na habari. Mwaka 1279, kule Saint-Maximin katika Provence, kusini mwa Ufaransa, ilitangazwa kwamba mwili wa Magdalena umepatikana huko, na baadaye Papa akaunga mkono. Mahujaji wakageuza njia. Mji ambao haukuwa na mto wala bandari ya kuulisha ukapungua taratibu. Vita vya dini na Mapinduzi ya Ufaransa vikauumiza zaidi, hata Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kihistoria, alipofika mwaka 1834 akakuta kanisa linakaribia kubomoka. Kazi ya kulinusuru alipewa mwaka 1840 Viollet-le-Duc, msanifu majengo kijana wa miaka 26. Mwaka 1979 kanisa na kilima chake viliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na ninafurahi kwamba kilima nacho kilitajwa.

Safari yenyewe ni rahisi. Treni inakushusha Sermizelles, kama kilomita 10 kutoka mjini, nami nitakuwepo kukupokea. Tutaanzia bondeni Saint-Père na kupanda kwa miguu, polepole kwa ajili ya goti lako. Kama unaweza, chagua tarehe 21 Juni: jua la adhuhuri likipita madirishani hutupa madoa ya mwanga yaliyopangana mstari mmoja katikati ya sakafu hadi karibu na altare. Wewe mwalimu wa jiografia hutahitaji mtu wa kukueleza kwa nini ni siku hiyo. Nijulishe mapema, vyumba mwezi huo hujaa upesi.

Nisalimie shangazi na wote nyumbani.

Mpwa wako