Risala ya Kikundi cha Wanafunzi wa Historia ya Sheria kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza. Kikundi chetu ni kidogo. Wenzetu wanatuita "Warumi", nasi tumeshazoea.

Mheshimiwa, kwa muda mrefu aliyetaka kuijua sheria binafsi ya Roma ya kale, yaani ndoa, mirathi, mikopo na mauziano, alifungua Digesta, mkusanyiko wa maandishi ya wanasheria katika vitabu 50, uliotangazwa na Kaisari Justinian mwaka 533. Wasomi walitumia miaka mingi kusaka maneno yaliyochomekwa humo na wakusanyaji. Kazi hiyo haikuwa bure, ila humo wanasema wanasheria peke yao. Siku hizi watafiti wanazisoma pia hati za watu waliokuwa wakiuziana na kudaiana.

Jioni tatu tulijadili kibao cha mbao cha enzi za Warumi kilichofukuliwa London mwaka 1994. Nta iliyopakwa juu yake ili kuandikiwa imetoweka. Imebaki mikwaruzo ya kalamu. Ni mkataba wa kuuza msichana, Fortunata, kwa dinari 600, na muuzaji anadhamini kwamba ni mzima wala si mtoro. Mnunuzi, Vegetus, naye ni mtumwa, tena bwana wake ni mtumwa wa Kaisari! Vitabuni, mtumwa hana mali. Hupewa tu fungu la mali ya bwana wake aliendeshe. Hapa fungu hilo linanunua binadamu. Siku ile tuliondoka kimya.

Yupo pia Babatha, mjane Myahudi wa jimbo la Kirumi la Arabia, ambaye hati zake zilipatikana mwaka 1961 pangoni karibu na Bahari ya Chumvi. Aliwalalamikia walezi wa mwanawe yatima kwa kumpa dinari 2 tu kwa mwezi. Hakuwa raia wa Roma, lakini alihifadhi nakala 3 za Kigiriki za fomula ya Kirumi, yaani maneno maalumu ya kisheria, ya kumshtaki mlezi. Nani alimfundisha? Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayotukutanisha kila Ijumaa.

Changamoto zetu: hatuna mwalimu wa Kilatini, na picha za vibao tunazitazama kwenye simu moja, vichwa sita vimeinama. Tunaomba kamusi ya Kilatini na projekta, hata iliyokwisha kutumika.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanakikundi.